Si Kila Jiwe Jekundu ni Tabaka Lile Lile

Hotuba kwa walimu wa jiografia, mafundi wa visima na madiwani, Kigoma mjini

Wazee wangu, shikamooni. Waheshimiwa madiwani, walimu wenzangu, na ninyi mafundi wa visima mliotoka Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko na Uvinza, karibuni sana. Najua kiangazi ndicho kipindi chenu cha kazi, na mtambo ukilala siku moja kuna mtu anaulipia. Kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo.

Kila kiangazi mkoa huu unatobolewa. Kuna visima vya shule, vya zahanati, vya misikiti na makanisa, vya watu binafsi. Wapimaji wa reli mpya ya Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, nao wamekuwa wakitoboa ili wajue nguzo za madaraja zitasimama juu ya nini. Maporomoko ya Igamba kwenye Mto Malagarasi yametobolewa kwa ajili ya umeme. Kila tundu linapita katika mawe ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuyaona, na kila tundu lingeweza kutuambia kitu kuhusu tundu la jirani. Lakini mengi hayatuambii chochote, kwa sababu yaliyotoka ndani yake yanaachwa hapo hapo, mvua inayabeba, na karatasi inayobaki ina maneno matatu: "udongo, mwamba mwekundu, maji." Nimekuja kuomba tuache tabia hiyo, na kabla ya kuomba nieleze kwa nini inatugharimu.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mtu anayepanda treni Tabora kuja huku anaondoka juu ya granaiti, mwamba mkongwe uliopoa kutoka kwenye uji wa moto, zaidi ya miaka milioni 2,500 iliyopita. Ule hauna matabaka. Ukitoboa mita kumi au mita mia, ni granaiti, labda imepasuka zaidi hapa na kidogo pale. Akikaribia Uvinza anaingia katika nchi nyingine kabisa: miamba mashapo, yaani mchanga, tope na chokaa vilivyotulia chini ya maji au kupeperushwa na kukokotwa nchi kavu, vikabanwa, vikawa mawe. Wanajiolojia wameiita miamba hii Bukoban, kwa jina la Bukoba, na wenzetu wa Burundi wanaiita ya Malagarasi, kwa jina la mto wetu. Haijakunjwa sana. Sehemu nyingi imelala karibu bapa, na ndiyo maana inatupa nafasi nzuri ya kuifuatilia kutoka kilima hadi kilima.

Ngazi yake ya juu nitawapeni kwa ufupi, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu tutairudia. Kuna lava ya Gagwe, mwamba wa volkeno mweusi uliojaa vitundu vya gesi ya zamani, na vitundu hivyo vimezibwa na madini meupe na ya kijani. Juu yake kuna mawe ya chokaa na ya dolomiti, ndugu wa chokaa mwenye magnesi, na yote yanaitwa kwa jina la Ilagala. Juu zaidi kuna miamba mchanga na miamba tope yenye wekundu, inayoitwa kwa jina la Manyovu. Lava ya Gagwe imepimwa kwa njia ya argoni, gesi inayojikusanya ndani ya madini kadiri miaka inavyopita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yanaipa umri wa karibu miaka milioni 795. Ukivuka mpaka kuingia Burundi, lava ya namna hiyo hiyo ipo, inaitwa ya Kabuye, na wataalamu wanaziweka lava hizi mbili pamoja. Mpaka wa nchi umechorwa na watu juzi tu; lava ilimwagika kabla hata mnyama mwenye gamba hajakuwapo duniani.

Sasa, kitu gani kinatupa ujasiri wa kusema kwamba jiwe la huku na jiwe la kule ni tabaka moja?

Mwaka 1669 Nicolas Steno, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Italia, aliandika mambo ambayo leo yanaonekana mepesi lakini ndiyo yanayobeba kazi yetu yote. Mashapo hutulia yakiwa karibu bapa. La chini lilitangulia, la juu likafuata. Na tabaka huendelea pande zote mpaka likutane na ukingo wa bonde lililokuwa linajazwa, au lipungue unene mpaka liishe lenyewe. Kwa hiyo ukiona tabaka ukingo huu wa bonde la mto, na ukaona la namna hiyo hiyo ukingo wa pili, una haki ya kufikiri kwamba yalikuwa kitu kimoja, mto ukayakata. Ni kama mkeka uliochanika: vipande viwili vinarudishwa pamoja kwa kufuata mistari ya ukili, wala hakuna anayehitaji kumwona aliyeuchana.

Shida inaanza pale mistari inapofanana sana. Kama kila tabaka lingekuwa na sura yake peke yake, tusingekuwa na la kujadili leo. Lakini mchanga mwekundu hurudi mara nyingi. Tope jeusi hurudi. Mto, ziwa au bahari vikikaa katika hali ile ile, vinatengeneza mwamba ule ule, iwe ni miaka milioni 800 iliyopita au juzi.

Uingereza walitatua shida hii kwa visukuku. William Smith, mpimaji wa mifereji na migodi ya makaa, aligundua kwamba kila kundi la matabaka lina wanyama wake waliogeuka mawe, na kwamba wanyama hao wanafuatana kwa mpangilio ule ule kila mahali. Mwaka 1815 akachapisha ramani kubwa ya jiolojia ya Uingereza, Wales na sehemu ya Scotland. Hapo jiwe la chokaa la kaskazini na jiwe la chokaa la kusini hayakutambuliwa tena kwa sura, yalitambuliwa kwa wakazi wake. Ng'ambo ya ziwa letu, Kalemie, kuna makaa ya mawe ya Lukuga, na kusini, karibu na Sumbawanga, kuna makaa ya Namwele na Mkomolo. Makaa hayo yote ni ya zama za Karoo, zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, na katika miamba ya zama hizo kuna mabaki ya mimea na chavua yanayowezesha kulinganisha bonde moja na lingine hata kama rangi yake na unene wake vinatofautiana.

Sisi hapa Kigoma hatuna bahati hiyo. Matabaka yetu ni ya kale mno. Wanyama wenye magamba walianza kuenea kama miaka milioni 540 iliyopita, na wakati huo lava ya Gagwe ilikuwa imeshapoa kwa zaidi ya miaka milioni 200. Basi mwalimu akimwambia mwanafunzi atafute kisukuku cha konokono katika mawe ya Manyovu, anamtuma atafute kitu ambacho hakiwezi kuwamo. Konokono wa ufukweni anayeokotwa Kibirizi ni wa ziwa la sasa, na ziwa la sasa ni mgeni juu ya mawe haya.

Ndiyo maana nawasihi tuwe waangalifu na rangi. Nitawaeleza kilichotokea kwa majirani zetu wa Rukwa, kwa sababu mfano ule unanifundisha kila ninapousoma.

Katika Bonde la Rukwa kuna mfululizo mnene wa miamba mchanga myekundu. Kwa miaka mingi ilipewa jina moja tu, Kundi la Mchanga Mwekundu. Wote walikubaliana kuhusu jina, lakini umri ukawa ugomvi. Kuna waliosema ni ya zama za dinosaria au hata kabla. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ilipochimba visima viwili virefu vya kutafuta mafuta, Ivuna na Galula, chavua iliyosomwa kutoka humo ikawafanya wengine waseme hapana, mchanga huu ni wa juzi, miaka milioni chache tu. Tofauti kati ya hoja hizo mbili haikuwa ndogo. Ukikubali ya kwanza, mchanga ule ulikuwapo kabla Bonde la Ufa halijaanza kufunguka. Ukikubali ya pili, mchanga ule ni zao la Bonde la Ufa lenyewe. Historia nzima ya magharibi mwa nchi yetu ilikuwa inategemea jibu.

Kuanzia mwaka 2004 watafiti waliotembea kwa miguu kwenye makorongo ya kusini mwa bonde hilo wakaonyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa zinabishana juu ya kitu ambacho hakipo. Kulikuwa na matabaka mawili mekundu, moja juu ya jingine. La chini, ambalo sasa linaitwa Galula, lina mifupa ya dinosaria na ni la zama za Kretasia, zile za mwisho za dinosaria. La juu, linaloitwa Nsungwe, lina majivu ya volkeno katikati yake, na madini ya majivu hayo yakapimwa: miaka milioni 25 hivi. Kutoka tabaka hilo la Nsungwe mwaka 2013 yalitangazwa masalia ya sokwe wa kale aliyeitwa Rukwapithecus, miongoni mwa wa kale kabisa wa jamii yake wanaojulikana. Kati ya tabaka la chini na la juu kuna pengo la zaidi ya miaka milioni 40 ambalo halikuacha mwamba wowote. Ukisimama mbele ya ukuta wa korongo usipojua la kutafuta, unaweka kidole juu ya pengo hilo na hulioni. Nyekundu juu, nyekundu chini.

Fikirini hasara yake. Ramani zilichorwa, unene ukakadiriwa, historia ya ufa ikaandikwa, na mzizi wa yote ukawa ni kuamini kwamba nyekundu na nyekundu ni ndugu. Nami naona hatari hiyo hiyo ikitembea hapa kwetu kila mtu anapoandika "mwamba mwekundu" kwenye ripoti ya kisima akadhani amemaliza.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi, na walimu naomba mnisikilize vizuri kwa sababu vitabu vya shule huliruka. Hata pale tabaka linapokuwa kweli ni moja, bila pengo, unaweza kulifuata kwa mguu kutoka mwanzo hadi mwisho, haimaanishi kwamba lote lilitulia wakati mmoja.

Tazameni Malagarasi inavyoingia ziwani. Mchanga mzito unatua karibu na mlango wa mto, tope jepesi linakwenda mbali, kwenye maji ya kina. Wakati mmoja, mawe mawili tofauti yanatengenezwa. Sasa kumbukeni miaka hii ya karibuni ziwa lilivyopanda, likaingia kwenye nyumba za watu na kwenye gati. Maji yakipanda, ufukwe unahama kuelekea nchi kavu, na mchanga wa ufukwe unahama nao. Pale ulipokuwa mchanga mwanzo sasa panaanza kutua tope. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka elfu nyingi, unapata tabaka moja la mchanga lisilokatika, lakini mwisho wake wa upande wa ziwa ni mkongwe kuliko mwisho wake wa upande wa nchi kavu. Mtu anayechora mstari kufuata mchanga huo amechora mahali ufukwe ulipopita, hakuchora siku moja ya zamani. Johannes Walther wa Ujerumani aliliweka hili wazi mwaka 1894, na bado watu wazima wenye shahada wanalikosea.

Kwa hiyo anayeoanisha matabaka, yaani anayetambua tabaka la huku ni lipi kule, anatafuta zaidi ya mwamba unaofanana. Anatafuta tukio lililofika kila mahali kwa mara moja. Majivu ya volkeno ndiyo bora kuliko yote: mlima unalipuka, upepo unabeba, na ndani ya siku chache mkoa mzima una utando mwembamba wa umri mmoja. Majivu ya mlipuko wa Toba wa Indonesia, wa miaka elfu 74 hivi iliyopita, yametambuliwa kwenye mashapo ya Ziwa Nyasa, ng'ambo ya bahari nzima. Lava nayo inasaidia, ingawa haifiki mbali hivyo. Kwa mawe ya chokaa ya kale, maabara hupima uwiano wa kaboni nyepesi na kaboni nzito, kwa sababu uwiano huo ulibadilika katika bahari zote kwa pamoja na chokaa ikauhifadhi. Katanga, kule Kongo, na Zambia wana msaada mwingine: matabaka ya mawe mchanganyiko yaliyoachwa na barafu, wakati barafu ilipofika hata kwenye nchi za joto, yale ya kwanza yakiwa ya miaka zaidi ya milioni 700 iliyopita. Wachimbaji wa shaba wa pande zote mbili za mpaka wao hujipima kwa matabaka hayo.

Hapa Kigoma, tulicho nacho kwa bei nafuu ni lava ya Gagwe na chokaa ya Ilagala. Na hapa ndipo mafundi mnapoingia.

Mnajua wenyewe jinsi kazi inavyokwenda. Nyundo ya hewa inapiga, kompresa inasukuma, na vumbi la mwamba pamoja na vipande vidogo vinarushwa juu kandokando ya bomba. Kijana anakinga kwa koleo au karai, na fundi mwenye utaratibu anamwambia apange vichungu, yaani malundo madogo, chini kwa safu, kimoja kwa kila mita au kwa kila bomba linaloshuka. Ile safu ya vichungu ndiyo kitabu. Chukua konzi moja, isuuze kwenye kopo mpaka maji yatoke safi, imwage kiganjani, iangalie kwa kioo cha kukuzia juani. Je, ni punje za kwazi, yale madini magumu ya mchanga, zinazong'aa, au ni vipande bapa vya mwamba tope vinavyovunjika kwa ukucha? Je, kipande cheusi kina vidoa vyeupe vya ukubwa wa punje ya ulezi? Kama kina vidoa hivyo na mwamba wenyewe ni mgumu, mzito, wenye ukijani kidogo, huenda umefika kwenye lava, na hapo andika kina kwa uangalifu kuliko unavyoandika kina cha maji.

Kisha dondosha tindikali hafifu ya haidrokloriki. Chokaa itachemka papo hapo, povu juu. Dolomiti haitachemka, au itachemka kwa uvivu, mpaka uisage iwe unga. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuwaambia kama mko juu au chini ndani ya mawe ya Ilagala, na wengi wanaipoteza kwa sababu waliona mwamba wa kijivu wakaandika "kijivu".

Kuna chombo kingine ambacho halmashauri zikiungana zinaweza kukikodi. Kinashushwa kisimani kwa waya na kusoma miale ya gama inayotoka kwenye mwamba wenyewe. Potasi, urani na thoriamu zilizomo kwenye tope hutoa miale mingi. Mchanga safi na chokaa hutoa kidogo. Unapata mchoro unaopanda na kushuka kutoka mdomo wa kisima hadi chini, na michoro ya visima viwili ukiilaza sambamba unaona vilele vinavyolingana. Vipimo vya namna hii vya kushusha chombo kisimani vilianza Pechelbronn, Ufaransa, mwaka 1927, kwa ndugu wa familia ya Schlumberger, ingawa wao walipima umeme wa mwamba. Naongeza onyo: mchanga wenye madini mengi ya feldispa una potasi pia, na kwenye mchoro wa gama utajifanya tope. Mchoro bila vichungu unadanganya. Vichungu bila mchoro vinachosha lakini vinasema kweli.

Sasa tufanye hesabu pamoja, maana bila hesabu haya yote ni hadithi. Tuseme kisima cha shule kiko mita 1,250 juu ya usawa wa bahari, na mmeikuta chokaa kwenye kina cha mita 40. Chokaa iko mita 1,210. Kilomita nne kusini kuna kisima cha zahanati, mdomo wake uko mita 1,230, na chokaa imekutwa kwenye kina cha mita 62, yaani mita 1,168. Ukiangalia vina peke yake unaona tofauti ya mita 22. Ukiangalia usawa halisi, tabaka limeshuka mita 42 katika kilomita nne, zaidi kidogo ya mita kumi kwa kila kilomita. Hapo hapo naona kosa la kawaida: watu wanalinganisha vina kutoka mdomoni, wanasahau kwamba mdomo mmoja uko kilimani na mwingine bondeni. Simu ya mkononi inakupa mahali, lakini usawa wake unaweza kukosea kwa mita nyingi. Kwa usawa tumieni mpimaji, au walau ramani nzuri.

Tukiendelea kilomita nne nyingine kuelekea kusini, mahali ambapo ardhi iko mita 1,200, tunatarajia chokaa kwenye usawa wa mita 1,126, yaani kina cha mita 74. Mkandarasi anaweza kupanga mabomba yake na bei yake kwa kutumia namba hiyo. Lakini tuseme mnatoboa na chokaa inatokea kwenye mita 30. Furaha, siyo? Hapana, hapo ndipo pa kusimama na kufikiri. Iko mita 44 juu ya tulipotarajia. Ama matabaka yamepinda. Ama kuna ufa umepita kati ya visima viwili na kuinua upande mmoja, jambo ambalo katika nchi ya Bonde la Ufa halimshangazi mtu. Ama hii si chokaa ile, ni tabaka jingine la chokaa lililo juu yake, na ile tunayoitafuta bado iko chini. Kila jibu lina matokeo yake kwa maji. Ufa unaweza kuwa njia ya maji au ukawa ukuta unaoyazuia. Na huwezi kuchagua jibu bila kuwa na vichungu vya kisima cha kwanza na cha pili ulivyoweza kuviweka mezani kando ya vya kisima cha tatu. Zaidi ya hapo, visima vitatu vilivyo kwenye mstari mmoja vinakupa mteremko wa mstari huo tu. Ili ujue tabaka linashukia upande gani hasa unahitaji cha kando pia.

Wananchi wa Uvinza wanaelewa haraka kuliko wengine kwa nini haya si mambo ya wasomi peke yao. Chemchemi za maji ya chumvi pale Mto Ruchugi unapokaribia Malagarasi zimewalisha watu kwa zaidi ya miaka 1,500. Uchimbuaji wa mambo ya kale uliofanywa mwaka 1967 ulionyesha hivyo, na wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 biashara ya chumvi ya Uvinza ilikuwa imekwishakomaa. Maji yale yanapanda kupitia nyufa za matabaka haya haya ninayowaelezeni. Chumvi imeyeyushwa mahali fulani chini, ikasafiri. Kwa kiwanda cha chumvi hiyo ni baraka. Kwa kijiji kinachochanga pesa za kisima cha kunywa, kukuta maji ya chumvi baada ya kulipa kila mita ni pigo ambalo mwenyekiti wa kamati ya maji hataweza kulieleza mkutanoni. Njia ya kupunguza pigo hilo ni kuoanisha: tabaka gani lilitoa chumvi huko, nyufa zinaelekea wapi, na tabaka hilo liko kina gani huku tunakotaka kutoboa.

Ziwani nitapita haraka, ingawa ningeweza kulizungumzia mpaka usiku. Chini ya Ziwa Tanganyika kuna mashapo ambayo sehemu fulani unene wake ni kilomita kadhaa, na yalipigwa picha kwa mawimbi ya mtetemo miaka ya 1980. Picha hizo zinaonyesha mistari ya matabaka kilomita kwa kilomita bila mtu kutoboa, na zinaonyesha pia fukwe za zamani zilizozama, ushahidi kwamba ziwa liliwahi kushuka mamia ya mita. Mwenye kutaka kuona kuoanisha kukifanywa vizuri aangalie kazi hizo. Lakini maji ya kunywa ya Kasulu hayatoki huko.

Nije kwenye ombi langu. Kila kisima, kabla mtambo haujaondoka, chukueni konzi moja kutoka kila kichungu, ikaushwe, itiwe kwenye mfuko mdogo wa nailoni na karatasi yenye jina la kijiji, kina, na tarehe. Andikeni kwa penseli, wino unafutika. Mifuko yote ya kisima kimoja inaingia kwenye boksi moja la kawaida. Halmashauri itenge chumba chenye rafu, hata kama ni stoo ya zamani, na ufunguo ukae kwa mhandisi wa maji. Nakala ya ripoti iende ofisi ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo ipo hapa hapa mjini, na Taasisi ya Jiolojia ya Dodoma ijulishwe kwamba sampuli zipo, maana wanaochora upya ramani za nchi wanazihitaji kuliko wanavyosema. Waheshimiwa madiwani, jambo hili halidai bajeti kubwa. Linadai kifungu kimoja kwenye mkataba: malipo ya mwisho ya mkandarasi yatoke baada ya boksi kupokelewa na kusainiwa. Msipoweka kifungu hicho, hata fundi mwema atashindwa, kwa sababu anasubiriwa kijiji kingine.

Walimu, nanyi mna kazi. Kata za barabara kuelekea Kasulu na Manyovu, na kuta za mawe magumu ya mchanga zinazoonekana ukizunguka ghuba hii ya Kigoma, ni madarasa yasiyolipiwa. Wapelekeni wanafunzi na rula na daftari. Wapime unene, waandike kinachobadilika kutoka chini kwenda juu, watafute alama za mawimbi kwenye uso wa jiwe. Kisha kundi moja lifanye hivyo mahali pengine, na darasani walaze michoro sambamba wabishane. Ubishi huo ndiyo jiolojia.

Baada ya mazungumzo kulikuwa na maswali, na moja naliandika hapa kwa sababu litawafaa wengi. Fundi mmoja aliuliza: tindikali ya haidrokloriki tutaitoa wapi huko vijijini, na ni salama kubebwa kwenye gari pamoja na vijana wa kazi? Nilimjibu hivi. Anayeibeba awe amefundishwa, chupa iwe ya plastiki ngumu yenye kudondosha tone, na maji safi yawepo karibu. Asiyeweza kuipata, anunue siki dukani. Saga kipande cha mwamba mpaka kiwe unga, tia kijiko kimoja kwenye kifuniko, mimina siki, usogeze sikio na usubiri kidogo. Chokaa itatoa povu dogo na sauti ya kuchemka. Dolomiti itakaa kimya muda mrefu, na huenda ukaona viputo vichache tu ukipasha siki moto. Andika ulichokiona, na uandike pia kwamba ulitumia siki, ili atakayelifungua boksi baada ya miaka ajue asome vipi maneno yako.